Soda ya Baridi, Siku ya Tatu

Kufuli lilikuwa bado limefungwa, na hilo ndilo lililomsumbua Inspekta Stella Kiden tangu juzi. Lilining'inia kwenye mkono wa swichi ya laini ya Koboko, ndani ya kituo cha kugawia umeme nje kidogo ya Arua, njia ya Pajulu. Kufuli jekundu, na juu yake jina ANDREW kwa rangi nyeupe. Ufunguo wake ulikutwa mfukoni mwa Andrew mwenyewe, fundi aliyefia juu ya nguzo kilomita hamsini na kitu kutoka pale. Sasa umeme uliomuua ulipita wapi?

"Nieleze tena," Stella alimwambia Injinia Moris, mkuu wa kituo. "Nieleze kama unamweleza mama yako."

Moris alikuwa mtu wa shati lililonyooshwa pasi na subira fupi. "Fundi akitaka kupanda nguzo, anakuja hapa kwanza. Anazima swichi, anaifunga kwa kufuli lake mwenyewe, ufunguo anakwenda nao. Hakuna mtu mwingine wa kuwasha mpaka arudi. Ndiyo kinga yake."

"Lakini wewe umeandika kwamba Enoch Dramadri aliwasha."

"Nani mwingine? Alikuwa peke yake kwenye zamu. Na wiki mbili nyuma waligombana mbele yetu wote. Andrew alipewa laini ya Koboko, yeye akaachwa hapa kulinda vyuma. Huyo atakuwa amechonga ufunguo wa pili."

"Umeuona?"

"Wewe ndiye polisi, afande."

Stella aliinama akalikagua kufuli kwa tochi ingawa jua lilikuwa linawaka. Hakuna mkwaruzo. Tundu la ufunguo lilikuwa na vumbi jekundu la Arua, lile linaloingia hata kwenye chai, na vumbi hilo lilikaa pale bila alama yoyote. Aliwahi kuona makufuli yaliyochezewa. Hili halikuchezewa, lakini hakimu hamwachii mtu huru kwa sababu ya vumbi.

Dramadri alimngoja katika ofisi ya upelelezi mjini, pingu mikononi, amekaa ukingoni mwa kiti kana kwamba kiti ni cha mtu mwingine. Kesho saa tatu asubuhi angesimama mahakamani kwa kosa la kuua. Ndugu zake Andrew walikuwa wameshateremka kutoka Ajia, wameezua paa la jiko la Dramadri, na mkewe amekimbia na watoto kwenda kwa wazazi wake. Tangu Jumanne hakuna mtu aliyemletea hata sahani ya chakula.

"Enoch, mimi sitaki habari ya ugomvi. Nataka kujua kazi. Andrew alipopanda nguzo, waya wa ardhi ulikuwa wapi?"

Dramadri alishangaa. Bila shaka hilo halikuwa swali alilojiandalia. "Ulikuwa kwa pikapu, kama siku zote."

"Lakini sheria yenu inasema fundi aufunge kwenye laini kwanza, ili umeme wowote ukija uzame ardhini."

"Sheria iko, afande. Lakini sisi watu ya West Nile, huku kwetu..." Alitafuta maneno. "Miaka yote tulikuwa peke yetu. Stima ilikuwa inatoka kwa bwawa yetu ndogo na kwa mashine ya mafuta hapa Arua. Ukizima hapa, laini yote iko maiti. Waya ya ardhi iko nzito, mutu anaiacha kwa gari. Sasa stima inatoka kwa mabwawa kubwa ya Nile, inatoka mbali, lakini sisi bado tunafanya kama zamani. Hata mimi nilikuwa naiacha."

"Kwa hiyo Andrew aliamini kufuli."

"Aliamini kufuli, na aliamini mimi. Tuligombana, ndiyo. Lakini afande, mutu akiwa juu ya nguzo, hakuna ugomvi. Nani atanisemea mimi hiyo kesho?"

Stella hakupenda kumdanganya mtu. Alichukua kofia yake ya pikipiki akaondoka.

Barabara ya Koboko ni nzuri siku hizi, lami tupu, na mtu peke yake juu ya pikipiki huwa na muda mwingi kupita kiasi. Nguzo zilimsindikiza mkono wa kulia, moja baada ya nyingine, waya zimelala juu yake bila uhai. Miezi minane alikuwa Arua na bado alikula chakula cha jioni peke yake katika chumba cha kambi, mlango wazi ili angalau asikie watu wakipita. Alikuwa amezoea, au alikuwa amejiambia hivyo.

Nguzo aliyofia Andrew ilisimama kabla ya kuingia mji wa Koboko, nyuma ya shamba la mihogo. Mafundi waliokuja kumshusha Andrew walikuwa wamechomoa fyuzi za transfoma iliyokuwa karibu, kwa amri ya Stella mwenyewe, na upande ule wote ulikuwa gizani tangu Jumanne. Watu walimzunguka. Kila mtu Koboko ana maoni kuhusu umeme, hasa wale wasio nao.

"Kulikuwa na injini ilikuwa nalia," alisema mama mmoja mwenye beseni la nyanya. "Saa saba na nusu. Sisi wote tulisikia."

"Injini ya nani?"

"Ya Tahiru! Nani mwingine iko na injini?"

Tahiru alikuwa mwenye kinu cha kusaga, mtu mnene, mweupe kwa unga hadi kope. Injini yake ilijaza nusu ya banda. Stella aliizunguka mara mbili. Kama mashine hii ilikuwa imeunganishwa na nyaya za nje, basi kesi imekwisha papo hapo.

"Injini yako inatoa stima, Mzee Tahiru?"

"Inatoa unga, afande."

Watu wakacheka. Stella alifuata mkanda mpana wa mpira kutoka kwenye gurudumu la injini hadi kwenye mawe ya kinu. Mkanda tu. Alitazama dari, kuta, pembe zote nne. Hakukuwa na waya hata mmoja mle ndani, wala taa.

"Umeridhika?" aliuliza Tahiru, si kwa ubaya. "Na tena ile Jumanne mimi nilizima saa sita, nikaenda kuswali. Hiyo sauti watu wanasema, mimi pia nilisikia, nikitoka msikitini. Lakini haikuwa kubwa kama hii yangu. Ilikuwa kidogo, kama pikipiki imesimama mahali moja bila kuzimwa. Huko juu, upande wa saluni."

Saluni ilikuwa ya Shamira, msichana mwenye ulimi mwepesi na mikono myepesi zaidi. Alimkaribisha Stella bila kuacha kusuka nywele za mteja.

"Stima imenimaliza, afande. Siku tatu! Mashine ya kukausha nywele imelala tu. Lakini nafikiri iko karibu kurudi."

"Kwa nini unafikiri hivyo?"

"Taa." Alielekeza kwa kitana kwenye balbu ya zamani iliyoning'inia juu ya kioo. "Kila mchana inawaka kidogo. Nyekundu, nyekundu hivi, kama makaa. Halafu inakufa."

Stella alisahau kuketi. "Kila mchana? Na jana?"

"Jana, na hata leo."

"Na Jumanne yenyewe?"

"Jumanne ndiyo ilianza. Watu walikuwa wanatoka swala. Mimi nikapiga kelele, stima imerudi! Tukawasha mashine ya nywele, na taa ikazidi kufa. Baadaye kidogo tukasikia watu nalia kule barabarani."

Stella alitoka nje akasimama juani, simu sikioni. Moris aliitika kwa sauti ya mtu anayekula.

"Injinia, laini ya Koboko imezimwa Arua tangu Jumanne, sivyo? Na hapa fyuzi zimetolewa. Basi balbu inawezaje kuwaka?"

"Haiwezi."

"Imewaka. Nyekundu, dhaifu. Siku tatu mfululizo."

Moris aliacha kutafuna. "Mtu ana jenereta," alisema hatimaye, taratibu. "Ameichomeka kwenye soketi ya nyumba yake bila kujitenga na laini. Umeme wake unatoka nje kwa waya zetu, unaingia kwa majirani. Jenereta ndogo haiwezi kubeba wote, ndiyo maana balbu ni nyekundu."

"Na Jumanne, fyuzi za transfoma zilikuwa ndani bado."

"Zilikuwa ndani. Transfoma haijui kwenda wala kurudi, afande. Ukiilisha kutoka juu inashusha, ukiilisha kutoka chini inapandisha. Hata volti hamsini za jenereta mbovu, zikifika juu ya nguzo ni maelfu."

"Bila kugusa kufuli la Andrew."

"Bila kuligusa. Nilimwandikia Dramadri maneno mabaya."

"Uliyaandika. Sasa nitumie orodha ya nyumba zinazolishwa na transfoma hii, na mtu yeyote asirudishe fyuzi."

Zilikuwa nne tu. Saluni ya Shamira. Duka ambalo mwenyewe amehamia Juba na mlango umeota majani. Nyumba ya walimu, tupu kwa sababu ya likizo. Ya nne, mwisho wa waya, iliandikwa kwa jina la Nasuru.

"Ule mzee wa jeshi?" Shamira alisema. "Kule hakuna mutu anakwenda. Anaongea sana, afande. Ukiingia, hutoki."

Stella alifuata waya kwa miguu, macho juu, nguzo hadi nguzo, akipita migomba na kisima kibovu. Uwanja wa Mzee Nasuru ulikuwa umefagiwa hadi udongo unang'aa. Barazani palikuwa na viti viwili vinavyotazamana, kimoja kimechakaa, kingine kipya kabisa. Mzee mwenyewe alitoka kabla hajabisha, mrefu, amenyooka, kofia ya kufuma kichwani.

"Salaam aleikum! Karibu, binti, karibu. Kaa. Hapana simama, kaa kwanza!"

"Mzee, mimi ni Inspekta Stella Kiden, natoka polisi Arua..."

"Kiden! Hiyo jina ya kwetu, wewe mtoto ya hapahapa. Kaa. Maneno ya polisi hapana kimbia." Alikuwa ameshaingia ndani. Akarudi na chupa ya soda na kifungulio, akamfungulia kwa heshima, kama anampokea mkwe.

Stella alipokea chupa, na kiganja kikamwambia kabla ya akili. Ilikuwa baridi. Baridi kabisa, inatoka jasho. Siku ya tatu bila umeme, na mjini alikuwa amekunywa soda ya moto kama maji ya kuoga.

"Mzee, hii baridi imetoka wapi?"

"Friji," alisema Nasuru kwa fahari. "Mimi iko na jenereta."

"Naomba kuiona."

Ilikuwa nyuma ya jiko, chini ya bati, ndogo, imefutwa mafuta vizuri. Waya mweusi ulitoka humo, ukapanda dirishani, ukaingia kwenye soketi ya ukutani. Ulikuwa na plagi huku na huku, dume kwa dume, jambo ambalo hakuna duka linauza. Mtu lazima autengeneze kwa mkono. Stella aliupiga picha, akaandika saa, akatazama pembeni. Juu ya rafu palikuwa na katoni mpya, haijafunguliwa, na picha ya swichi kubwa ubavuni. Alizijua hizo. Mafundi huziita chenjiova: ukichagua jenereta, laini inakatika, ukichagua laini, jenereta inakatika. Haiwezekani zote mbili. Kwenye kifuniko mtu alikuwa ameandika kwa penseli: Mzee Nasuru.

"Waya huu alitengeneza nani?"

"Andrew. Fundi wangu. Kijana ya Ajia, nyinyi mko naye huko Arua."

Stella aliendelea kutazama daftari lake. "Lini?"

"Wakati nguzo iko, stima hapana. Karibu miaka mbili nguzo zilisimama bure, mbuzi zilikuwa najikuna. Andrew akasema, mzee, waya ya juu iko maiti, acha nikuchomekee hivi, hakuna shida. Halafu stima kuja. Na yeye kuja siku ileile, na hiyo sanduku. Akasema, sasa ile waya iko mbaya, siku moja itaua fundi. Nataka kuitoa."

"Mbona hakuitoa?"

Mzee Nasuru alikuna kidevu. Alikuwa na uso wa mtu aliyekamatwa akilamba sukari.

"Nilimwambia kunywa kwanza."

"Halafu?"

"Akimaliza kunywa, jua imeshuka. Nikasema, kuja wiki ingine. Akaja. Nikasema, leo kichwa nauma, kelele ya nyundo hapana weza. Akaja tena. Mara ya tatu nilificha bisibisi yake." Alicheka kidogo, akasita alipoona Stella hacheki. "Mara tano amekuja, binti. Mimi iko na watoto sita. Wako Kampala, wako Juba, wawili sijui wako wapi. Hakuna moja amekuja mara mbili. Na majirani unajua, wananikimbia. Sasa fundi, kazi ikiisha, hapana rudi. Kama kazi bado, lazima atarudi. Basi mimi niliacha kazi ikae."

Stella alimwonea huruma na kumkasirikia kwa wakati mmoja. Aliuliza lililobaki kuulizwa.

"Na Jumanne?"

"Alipiga simu asubuhi. Mzee, leo niko kwa laini ya kwenu, nikimaliza saa nane nakuja, na leo sikubali maneno yako, nafunga hiyo swichi. Nikanunua soda mbili. Halafu stima ikazimwa, soda zikaanza kupata moto. Mutu atoke juani kwa nguzo, umpe soda ya moto? Nikawasha, kidogo tu."

"Saa ngapi?"

"Watu walikuwa natoka swala."

"Na jana umewasha. Na leo."

"Nawasha kila mchana. Bado namngojea." Alisogea karibu, akashusha sauti. "Nimesikia fundi moja alikufa kule barabarani. Napiga simu ya Andrew nimuulize ni nani, lakini imezimwa. Wewe unajua ni nani?"

Katika miaka kumi na moja ya kazi Stella alikuwa amepeleka habari za msiba kwenye nyumba nyingi, na daima palikuwa na wanawake wa kumshika mtu. Hapa palikuwa na yeye tu.

"Mzee wangu, kaa."

"Nimekaa siku nyingi. Sema."

"Ni Andrew. Alikuwa ameshika laini saa saba na nusu. Umeme ulipanda kutoka hapa."

Mzee aligeuza kichwa akautazama waya mweusi dirishani, akaufuata kwa macho hadi kwenye mita, hadi nje, hadi kwenye nguzo ya kwanza. Mtu wa jeshi hahitaji kuchorewa ramani. Midomo yake ilitaja jina la Mungu mara nyingi bila sauti, kisha Stella akamwongoza hadi barazani, akamkalisha kwenye kile kiti kipya.

"Mimi," alisema. "Siyo mutu mwingine. Mimi nilimwambia kuja kesho, kuja kesho."

"Ndiyo, mzee."

Angeweza kusema kitu cha kumfariji, lakini mtu mwingine alikuwa amefungwa pingu Arua kwa kosa lisilo lake. Alimwacha alie. Alichomoa waya kwa glavu, akautia kwenye mfuko, akaufunga na kuutia sahihi. Alichukua katoni. Akampigia mkuu wake wa upelelezi na kumweleza mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakuamini. Faili la Dramadri lisiende mahakamani. Afunguliwe leo, apewe chakula, na mtu mzima atumwe Ajia kuongea na ndugu za Andrew kabla jua halijazama. Kisha akaita gari la polisi la Koboko.

Alirudi barazani. "Mzee Nasuru, lazima nikuchukue. Umesababisha kifo kwa uzembe. Utaandika maelezo, utalala mahabusu Arua, na baadaye utaona hakimu. Una mtu wa kumjulisha?"

"Nimekwambia tayari." Alipangusa macho kwa ukingo wa kanzu. "Nimesikia kwa simu yako. Ule kijana mwingine alikamatwa, atatoka?"

"Anatoka leo."

"Vizuri. Hiyo ni haki." Alikaa mikono juu ya magoti, akitazama uwanja wake uliofagiwa ambao haukuwa na alama za miguu isipokuwa za Stella. Kisha akauliza, kwa aibu kidogo, kama mtu anayeulizia bei:

"Huko mahabusu, binti. Iko watu?"

"Wako, mzee. Asubuhi niliwaacha kumi na wanne, chumba kimoja. Pamebanana."

"Na usiku wanaongea?"

"Mpaka askari anawagombeza."

Mzee Nasuru aliinuka. Aliingia ndani akatoka na koti, mswaki, na msala chini ya kwapa. Honi ya gari ililia barabarani. Alishuka ngazi bila kungoja kushikwa mkono, akakata uwanja kwa hatua ndefu za kijeshi, na Stella ilibidi akimbie kidogo ili asiachwe nyuma.